Goma: ni wapi mtu atakula samaki wabichi wa ziwa pamoja na viazi vya kukaanga?

#1 Mwenyeji_Himbi
Habari zenu wanajukwaa. Mwezi ujao ninapokea wageni kutoka Lubumbashi, watu ambao mara nyingi samaki wao hufika akiwa ameganda kwenye katoni, na wote wameniomba jambo moja: wakae kando ya maji, wale samaki wa kukaanga na viazi, wapige soga mpaka jioni. Niliona ni ombi jepesi kwa mtu anayeishi Himbi. Lakini kila ninapozungukia mikahawa ya kando ya ziwa ninaletewa orodha yenye kapitene, tilapia mkubwa aliyetoka kwenye friji, na mara chache sana sambaza, yule samaki mdogo wa ziwa letu. Nikiuliza samaki ametoka wapi, mhudumu huenda jikoni kuuliza na harudi na jibu.

Nina maswali mawili basi. Niwapeleke wapi hasa? Na kwa nini mji unaotazama Ziwa Kivu, la takriban kilomita za mraba 2,700, unakula samaki wa mbali?

#2 Jiko_la_Katindo
Salama, ndugu. Nimepika katika mikahawa ya mji huu miaka mingi, na ningekushauri uanze na saa kabla ya kuanza na mahali. Sambaza huvuliwa usiku na kufika ufukweni alfajiri, na kwa kuwa ni mdogo na tumbo lake ni laini, ikifika saa sita mchana bila barafu ameshaanza kupasuka. Mikahawa mingi huanza kuhudumia watu mchana na kujaa jioni. Mpishi anayetaka kuwa na samaki saa mbili usiku analazimika ama kununua asubuhi na kumhifadhi vizuri, ama kutumia samaki wa friji, na wengi huchagua njia ya pili kwa sababu haina hasara siku wateja wasipokuja.

Hoteli kubwa za kando ya ziwa, kama Ihusi, Linda na Serena, zina meza safi na mandhari ambayo wageni wako wataikumbuka. Nenda siku moja kabla, zungumza na mpishi mwenyewe wala si mhudumu, mwambie ni watu wangapi na unataka samaki wa asubuhi ile. Nimeona mara nyingi mteja wa namna hiyo akipewa chakula kizuri kuliko aliyeingia tu na kuketi.

#3 Nyota_ya_Kituku
Mimi ninauza samaki Kituku, na ninakubaliana na Jiko kuhusu saa, ila sikubali kwamba lazima mtu apitie hotelini. Aje sokoni asubuhi mapema, mitumbwi na boti kutoka Idjwi, Minova na Kalehe zinaposhusha mizigo, achague samaki wake kwa macho yake. Sambaza mzuri anang'aa kama sarafu mpya, magamba yake bado yamo mwilini, tumbo ni zima, na ukimshika hateleziteleza kwa ute. Tilapia mtazame mashavuni: rangi iwe nyekundu, isiwe ya kahawia, na jicho liwe limejaa. Ukibonyeza nyama kwa kidole, irudi.

Akishanunua, wapo akina mama wanaokaanga papo hapo kwa pilipili na ndimu, na atapata ugali au makemba, yaani ndizi za kupika. Viazi vya kukaanga pia vinapatikana, ingawa kwa viazi ninakiri kwamba mikahawa inatushinda.

#4 Mwana_Bukavu
Ninyi watu wa Goma mna lava nzuri na viazi vizuri, hilo hatubishani. Lakini kwa kukaa kando ya maji, mlete mgeni Bukavu. Anapanda boti Goma, anapita kando ya Idjwi, anashuka kwetu akiwa tayari na njaa. Rasi zetu zimeingia ziwani kama vidole, kila upande una ukumbi unaotazama maji, na bustani ya Orchids imewalisha wasafiri tangu zamani. Samaki wabichi watapatikana Beach Muhanzi asubuhi. Mimi mwenyewe nililishwa kapitene aliyevuliwa hapo hapo Kivu, kipande kinene, cheupe, bila miba midogo, na sijaonja kama kile.

#5 Mwalimu_wa_Biolojia
Mwana_Bukavu, kipande ulikula, na bila shaka kilikuwa kitamu, lakini hakikutoka Kivu. Kapitene, yule ambaye majirani zetu wa Ziwa Viktoria humwita sangara, hayumo katika ziwa letu. Yumo Viktoria, yumo Ziwa Albert upande wa Ituri, yumo katika mto Kongo. Aliyekuandikia «kapitene wa Kivu» kwenye orodha alikuuzia safari ndefu kwa bei ya safari fupi.

Sasa kuhusu swali la pili la Mwenyeji, mimi ninaona jibu kubwa limo ndani ya ziwa lenyewe. Kivu ni zuri kwa macho na maskini kwa samaki. Kina chake kinafika takriban mita 480, lakini hewa ambayo samaki anaihitaji inapatikana katika tabaka la juu tu, kiasi cha mita 60 au 70 katika majira mazuri. Chini ya hapo maji hayana oksijeni kabisa. Sehemu kubwa ya ziwa ni ghorofa zisizokalika. Tena kingo zake ni mwinuko mkali, na tilapia anapenda maji ya kina kifupi yenye majani ambamo atazalia na kulishia watoto. Tanganyika ina mamia ya aina za samaki. Sisi tuna chini ya aina 40. Mji ukikua namna Goma ilivyokua, ziwa la namna hii haliwezi kuulisha peke yake.

#6 Mvuvi_Nzulo
Mwalimu, heshima yako iko palepale, lakini ziwa hilohilo maskini liliwalisha wazee wetu, na mita zake hazikupungua. Kilichobadilika ni nyavu. Zamani tundu la wavu lilimwacha mtoto apite. Leo watu wanashona vyandarua vya mbu na kuvikokota ufukweni, palepale tilapia anapotaga. Anatolewa samaki ambaye hajafika urefu wa kidole, anakaushwa, anauzwa kwa kopo. Ukimtoa huyo leo, mwaka ujao utauliza kwa nini orodha ya hoteli imejaa samaki wa friji.

Kisha nirekebishe jambo katika ujumbe #2. Si kila alfajiri sambaza wanafika. Sisi tunafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, tunashusha wavu katikati, tunawasha taa ili samaki wapande kuifuata, na kuvuta ni kwa nyimbo, kwa sababu wote lazima wavute kwa pamoja. Mwezi ukiwa mpevu, taa yetu haina nguvu, kwani ziwa zima limekuwa na mwanga na sambaza wametawanyika. Siku hizo wengi hawatoki. Mwenyeji akiwaleta wageni wake katika wiki hiyo, atakuta sahani ni ghali na samaki ni wa jana.

#7 Katuba_Lushi
Nimesoma ujumbe #1 na ninaomba kuitetea Lubumbashi. Ni kweli tunakula mpiodi wa katoni anayetoka baharini, na familia nyingi zinamtegemea. Lakini tuna Kasenga vilevile, tuna mto Luapula na Ziwa Mweru, na samaki wa huko wanafika sokoni wabichi, wa moshi na wa chumvi. Wageni wako watamjua samaki mbichi wakimwona, ndugu Mwenyeji, na hawatadanganyika kwa ndimu nyingi.

Kitu ambacho hawakijui ni sambaza. Usiwaondolee kwa kufikiri kwamba mgeni lazima apewe samaki mkubwa. Mimi nilipofika Goma mara ya kwanza niliagiza tilapia kwa heshima ya mwenyeji wangu, huku jirani yangu wa meza akila sambaza wakavu, wa moto, mfupa na kichwa pamoja, na tamaa yote ilikuwa kwenye sahani yake.

#8 Uvira_Ufukweni
Mnawasifu sambaza kana kwamba ni wazaliwa wa Kivu, na mnasahau kwamba ni watoto wa Tanganyika. Waliletwa kutoka kwetu na Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1950, na ndagala (dagaa) wa aina zote mbili mnaowaona Uvira na Kalemie waliingia Kivu wakaongezeka. Kwa hiyo kila sahani inayosifiwa hapa tuna haki nayo kidogo. Nanyi mkitaka samaki wa kukaanga anayejaza sahani bila kusafiri angani, njooni mle mukeke, samaki wetu wa Tanganyika.

#9 Mwalimu_wa_Biolojia
Uvira, asili umeipata sawasawa, ila waliokaa si wawili. Kati ya 1958 na 1960 walichukuliwa vifaranga wa aina zote mbili, lakini aliyestawi Kivu ni mmoja tu, Limnothrissa miodon, yule mwenye mwili mpana zaidi, anayejua kuzalia karibu na ufuko. Wazo lilikuwa kwamba maji ya katikati ya ziwa yalikuwa na chakula kidogokidogo kinachoelea bila samaki wa kukila. Uvuvi wake wa taa na nyavu za kuinua ulishika kasi mwishoni mwa miaka ya 1970, na baadaye ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya mavuno ya ziwa zima. Samaki huyohuyo alipelekwa Ziwa Kariba katika miaka ya 1960, ambako Wazimbabwe na Wazambia wanamwita kapenta.

Na kwa Mvuvi: vyandarua ni msiba, sikatai. Lakini kuna jambo jingine ambalo nyavu hazielezi. Tangu kati ya miaka ya 2000 ameonekana Kivu mgeni wa pili kutoka Tanganyika, Lamprichthys, samaki mwembamba mwenye madoa ya buluu yanayong'aa, ambaye anashindana na sambaza kwa chakula. Huyo naye ana fungu lake katika upungufu tunaouzungumzia.

#10 Mvuvi_Nzulo
Yule wa madoa tunamkuta wavuni, tena wengi. Lakini Mwalimu, yeye hatutozi ushuru wala hachomi nyavu zetu. Usiku mtu anaondoka akiwa na deni la betri za taa, anarudi asubuhi, na kabla mama wa Kituku hajaona samaki, watu wameshapita kudai chao kwa majina tofauti. Gharama hiyo inaishia kwenye sahani ya mgeni.

#11 Nyota_ya_Kituku
Kaka Mvuvi amesema kweli. Nami niongeze la kwangu: samaki wengine hawalali Goma. Wanunuzi wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Gisenyi, wanakuja na pesa taslimu na kununua kwa beseni zima, wakati mama wa hapa ananunua kwa kikombe na kuomba akopeshwe hadi jioni. Msimu ambao Rwanda inasimamisha uvuvi kwa takriban miezi miwili ili samaki wazaliane, mahitaji yote yanaelemea upande wetu na bei inapanda siku hiyohiyo. Halafu mwenye mkahawa anakuja saa nne asubuhi, anasema samaki ni ghali, anakwenda kununua katoni ya tilapia iliyovuka bahari kutoka China. Je, hapo ziwa ndilo lenye makosa?

#12 Barabara_ya_Rutshuru
Wote mnazungumzia Kivu peke yake, ilhali tilapia mzuri wa Goma kwa miaka mingi alikuwa anatoka Ziwa Edward, Vitshumbi na Kyavinyonge. Lile ziwa ni la kina kifupi, halifiki hata mita 120 pale palipo na kina kirefu zaidi, limejaa chakula, na tilapia wake wana mafuta. Samaki alikuwa anapandishwa gari asubuhi, anapita Rwindi na Rutshuru, anafika mjini akiwa bado na barafu. Barabara inapokatika kwa vita, samaki anakaushwa huko huko au anaharibika, na Goma inageukia katoni. Kwangu mimi jibu la swali la Mwenyeji ni barabara kwanza. Hayo ya oksijeni na mwezi mpevu yalikuwepo hata wakati tulipokuwa tunakula samaki kila Ijumaa.

#13 Jiko_la_Katindo
Turudi kidogo mezani, kwa maana wageni wanakuja. Samaki mbichi anaweza kuharibiwa na kikaango kibaya, nami nimewahi kula katika mkahawa mmoja wa kando ya ziwa, ambao sitautaja, sambaza wa asubuhi ileile waliochovya katika mafuta meusi ya juzi. Ilinisikitisha kwa ajili ya yule aliyekesha akiwavua.

Sambaza waoshwe kwa maji baridi, wachujwe, kisha waachwe wakauke kabisa. Maji ndiyo yanayofanya mafuta yaruke na samaki alegee. Chumvi kidogo, unga mwembamba wa ngano au wa mahindi, kisha mafuta ya moto sana na mafungu madogo. Ukimimina beseni zima kwa pamoja, mafuta yanapoa na samaki wanachemka badala ya kukaangika. Tilapia akatwe mikato mitatu ubavuni ili moto ufike mfupani, na apumzishwe katika ndimu, kitunguu saumu na tangawizi kwa muda mfupi tu, kwani ndimu ikikaa sana nyama inalegea.

Viazi vya milima ya Masisi, Rutshuru na Lubero ni vizuri mno, na kwa frite, yaani viazi vya kukaanga, chagua vilivyokaa ghalani kidogo, kwa kuwa kiazi kilichong'olewa jana wakati wa mvua kina maji mengi. Vikaangwe mara mbili: kwanza kwa moto wa wastani mpaka viive ndani bila kubadilika rangi, vipoe, kisha kwa moto mkali mpaka viwe vya dhahabu. Mkahawa unaofanya hivyo utaujua kwa sauti ya kiazi kinywani.

#14 Birere_Ughaibuni
Salamu kutoka Uingereza, ninapoishi sasa. Hapa samaki na viazi ni chakula cha taifa, na watu wanabishana kuhusu chanzo chake kama mnavyobishana ninyi. Wengine wanasema duka la kwanza lilikuwa la Joseph Malin, London, karibu mwaka 1860. Wa kaskazini wanadai ni la John Lees, Mossley, mwaka 1863. Samaki wa kukaanga kwa unga aliletwa na Wayahudi waliotoka Hispania na Ureno. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali iligawa nyama, siagi na sukari kwa kipimo, lakini samaki na viazi havikuguswa, kwa kuwa ilionekana kwamba watu wasingevumilia.

Ninachotaka kusema ni kwamba samaki wanayemkaanga hapa, chewa wa bahari baridi (cod), ni wa ukoo uleule wa makayabu, samaki wa chumvi tunayempika nyumbani kwa nyanya na sombe (majani ya muhogo). Kwa hiyo Mwenyeji, wageni wako wakililia samaki wa baharini, yupo Goma tayari, amekauka kwa chumvi. Nchi yetu ina pwani ya takriban kilomita 40 tu, huko Muanda na Banana, na samaki mbichi wa huko hana njia ya kufika Kivu.

#15 Mama_Majengo
Samahani kwa kuingia katikati. Mimi nina watoto, na watu wa mtaani wananiambia ziwa lina gesi ya sumu, kwa hiyo samaki wake si salama. Ni kweli?

#16 Mwalimu_wa_Biolojia
Mama, walishe watoto wako samaki bila hofu. Gesi ipo, methani takriban kilomita za ujazo 60 na kaboni dayoksaidi takriban 300, lakini imeyeyuka katika maji ya chini sana, ambako samaki hawafiki kwa sababu niliyoieleza katika ujumbe #5. Samaki unayemnunua ameishi katika maji ya juu. Cha kuangalia ni mahali mnapokaa nchi kavu: upande wa kuelekea Sake kuna mabonde madogo yenye mazuku, ambamo gesi hutulia chini karibu na ardhi, hasa usiku na alfajiri. Mtoto akiinama humo yumo hatarini. Waulizeni wenyeji kabla ya kutandika mkeka.

#17 Mwana_Bukavu
Nimekubali kwamba kapitene alikuwa msafiri. Lakini hoja yangu ya rasi na kumbi bado imesimama, na hakuna mtu wa Goma aliyeijibu. Na kwa Barabara_ya_Rutshuru: sisi Bukavu hatukuwahi kutegemea Vitshumbi, na bado tilapia wetu wamepungua na kuwa wadogo. Barabara haiwezi kueleza hilo.

#18 Barabara_ya_Rutshuru
Inaeleza Goma, na swali lilikuwa la Goma.

#19 Katuba_Lushi
Waheshimiwa, wageni watafika mwezi ujao huku ninyi bado mko barabarani. Mwenyeji, umeamua nini?

#20 Mwenyeji_Himbi
Asanteni sana wote. Nimeamua siku mbili tofauti. Ya kwanza asubuhi Kituku, nikiwa na Mama Nyota kama atanipokea, tununue sambaza na kula papo hapo kwa pilipili. Ya pili jioni hotelini, nikiwa nimezungumza na mpishi siku moja kabla kama Jiko alivyonielekeza, tilapia na frite zilizokaangwa mara mbili. Kaka Mvuvi, nieleze tu mwezi utakuwaje wiki ya pili.

#21 Nyota_ya_Kituku
Karibuni, nitawapokea. Njooni mapema, kabla wanunuzi wa beseni hawajamaliza. Ukichelewa, nitakachokuwa nacho ni wakavu wa kupikia sombe.

#22 Mvuvi_Nzulo
Wiki ya pili mwezi utakuwa umeanza kupungua na utachelewa kuchomoza, kwa hiyo saa za mwanzo za usiku zitakuwa na giza na tutatoka. Siku ya kwanza ya wiki hiyo iache, sogeza Kituku iwe Alhamisi au Ijumaa. Mwalimu naye aje, aone vyandarua vinavyokokotwa palepale ufukweni, kisha tuendelee na ule mjadala wa Lamprichthys tukiwa tumeshiba.

#23 Mwalimu_wa_Biolojia
Nitakuja Alhamisi. Niwekee wachache wa madoa kwenye beseni lao peke yao, nataka kuwapasua matumbo tuone wamekula nini.